Mlevi Asiyenuka

Mimi nilikuwa na mkono mwepesi. Mtu hajamaliza neno, nishamfikia. Kule Mocímboa, kabla vita havijatukimbiza, nilimpiga dereva mmoja wa chapa, daladala za kwetu, chupa ya mdomo kwa sababu alisema nimekalia kiti chake. Meno matatu yakamtoka, mimi nikaendelea kunywa. Nipa ile, pombe kali ya mabibo, ukishaizoea haikuachii hata haya. Nilikuwa nasali Ijumaa na kulewa Ijumaa hiyohiyo.

Tulipohamia Palma nikamvunja mke wangu mkono kwa mchi. Mchana kweupe, watoto wanaona. Alisema unga umekwisha, basi, hilo tu. Niliusikia mfupa, na wallahi niliunyanyua tena ule mchi kabla jirani hajanikamata.

Hospitali, nesi alipomaliza kumtia plasta alinigeukia kwa hasira. Akasema kuna watu hukutana kila Jumamosi baada ya Alasiri kusaidiana kuacha pombe, uani kwa seremala, jirani na soko la samaki. "Ukisikia randa imenyamaza, jua wameanza. Nenda, bwana, kabla hujaua."

Mke wangu akaongeza lake palepale. "Baba watoto, sikia. Siku utakayorudi tena na damu mwilini, iwe yako, iwe ya mtu, hunikuti. Navuka Ruvuma na wanangu."

Nilimjua. Hakuwa mtu wa kusema maneno mara mbili.

Nikakaa siku tatu bila kuonja tone. Jumamosi nikavaa kanzu safi, nikaenda.

Sasa tazama ujinga wangu. Randa ilikuwa imenyamaza kweli, lakini sikutaka mtu anione naingia. Nikapita mbele ya karakana nikijifanya sina habari. Nikazunguka, nikapita tena. Mara ya tatu nikachungulia kwenye ua wa makuti, nikaona watu kama kumi wamekaa juu ya vitanda visivyotiwa kamba. Na kwetu siku hizi mgeni hachungulii watu waliokusanyika. Kuna vijiji vilivyochomwa na waasi, hao tunaowaita wa porini, na siku moja kabla alipita mtu mmoja tu, mpole, akichungulia.

"Kaka, wewe mgeni wa nani?" aliniuliza mama mkaanga vitumbua.

Ungetaja jina la mtu mmoja wa mtaa ule, umepona. Mimi nikaona haya, nikadanganya. "Natafuta njia ya kwenda Nhica."

"Nhica iko bara! Mbona unaelekea baharini?"

Basi, hapo hapo. Kofi la kwanza sikuona limetoka wapi. La pili lilikuwa mpini wa jembe, ubavuni, nikaenda chini. "Wa porini huyu! Mpelelezi!" Wakanikanyaga mikono, wakanikanyaga kichwa, pua ikavunjika, kanzu ikalowa damu. Wakanidai bilyeti. Nikasema kitambulisho changu kiliungua pamoja na nyumba. "Zenu zote huungua!" mmoja akanijibu, akanipiga teke la mdomo. "Nani anamjua huyu?" Mtu akasema leteni panga, na nikasikia miguu ikikimbia kwenda kulileta.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nililia, jamani, nililia mbele ya wanawake. "Mimi mlevi! Nimekuja kikao cha walevi! Mimi mlevi!"

Mzee mmoja akanishika taya, akaniingiza pua mdomoni. "Mlevi gani hanuki?"

Watu wakacheka. Lo! Miaka yote nimenuka, halafu siku niliyojitahidi nisinuke ndiyo siku ya kuuawa kwa kutonuka.

Makelele yakawatoa wale wa kikao. Mmoja wao akajipenyeza mpaka mbele, akanitazama sana. Akainua mdomo wa juu kwa kidole, akawaonyesha pengo. "Namjua. Meno yangu haya aliyatoa yeye, kwa chupa, Mocímboa. Mlevi huyu, na mkatili. Lakini wa porini siye. Mwacheni."

Wakaniacha. Angenyamaza tu, panga lingemlipia. Akanikokota ndani, akakaa nami kitanda kimoja. "Usifikiri nimekusamehe," akaninong'oneza. "Nimesema kweli, basi." Nilisikiliza wenzangu wakisema mambo yao, damu ikinidondokea magotini.

Nikarudi nyumbani vilevile nilivyokuwa nikirudi siku zote: pua imevimba, kanzu nyekundu. Mke wangu aliniona tangu mbali. Aliingia ndani, akatoka na nguo za watoto amezifunga kwenye kanga, fundo limekazwa.

"Nimepigwa, sikupigana. Sijanywa."

"Siku zote unasema hujanywa."

Alisema kweli. Ningeapa kwa lipi, na nilishaapa kwa yote? Nikapiga magoti mchangani, nikafungua mdomo wangu uliopasuka. "Ninuse."

Alisita. Miaka mingi alikuwa akinigeuzia uso usiku na mchana. Akainama, mkono wa plasta umebanwa kifuani, akanusa. Akanusa tena, safari hii akakawia.

Kisha akaketi kizingitini, akaanza kulifungua fundo la kanga kwa mkono mmoja na meno. Likamshinda. Nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Huo wako uweke mbali," akasema.

Nikaikalia mikono yangu yote miwili, nikangoja mpaka alipolifungua mwenyewe.