Majani ya Kijito cha Msituni

Si uchafu, kaka, nimekwambia. Majani yaliyooza mle kijitoni yana wadudu wanaoishi humo.

“Basi wakaribishe chai,” akanicheka, huku akiyakokota majani nje ya maji, reki yake inanuka tope.

Harufu hiyo naijua. Utotoni, huku huku Likoni, niliyazoa majani yote nimfurahishe nyanya. Alipokuja kuteka maji hakugomba. Aligeuza jani moja kwenye rundo langu: vijidudu vilijikunjakunja juani, vingine vimejivika vipande vya majani.

“Hawa ndio wanaotusafishia maji, mwanangu.”

Akaanza kuyarudisha majani, ukufi kwa ukufi, kwa viganja vyake. Wadudu wengi walikuwa wameshakufa.

Kaka anasema kesho anamalizia. Kesho asubuhi nitamtangulia, nisimame majini, reki aipitishe kwanza miguuni mwangu.