Mkono Niliompa Hadija

Pumba za mpunga zikilowa jasho hutoa harufu ya uji uliochacha, na hata leo nikikutana na harufu hiyo uani kwa mtu anayefuga kuku, mabega yangu hujikaza yenyewe. Ndiyo iliyokuwa harufu ya ghala moja la zamani la kahawa hapa Yoba, mtaa wa mji wa Gitega. Metre, kama tulivyomwita mwalimu wetu wa mapigano, alikuwa amepanga humo magunia yaliyoshindiliwa pumba, akayafunika kwa turubai la buluu, akaliita zulia bila kuona haya. Juu ya zulia hilo nilipitisha kiangazi kizima nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, nikijifunza kumwangusha mtu, kumbana na kumkunja mkono mpaka akubali kushindwa. Siku hizi vijana hutazama mchezo huo kwenye simu, mieleka na judo na ngumi vikiwa vimechanganywa pamoja, wakabishana mpaka mate yakauke ni chipukizi gani wa kuangaliwa. Kiangazi kile chipukizi wa Yoba tulikuwa wasichana wawili, na mmoja wao alikuwa mimi.

Nilifika ghalani kwa sababu ya upweke, si kwa sababu ya ushujaa. Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako wazazi wangu nao walikulia, na tuliporudi Burundi baba alishika jembe Gashoho, huko Muyinga, katika shamba la marehemu babu. Mama hakuwahi kurudi. Kaburi lake lilibaki kambini. Baba aliniona nazubaa nyumbani, akanipeleka Gitega kwa shangazi ili nisome. Shangazi alikuwa mtu mwema, ila wema wake sikuupata mchana. Alitoka alfajiri kwenda kuuza ndizi katika soko la Giheta, akarudi jua likizama, amechoka hata kuniuliza nimekula nini. Nilikula maharage ya jana, peke yangu, nikiyatafuna polepole ili siku ipungue. Watoto wa mtaani walikicheka Kirundi changu, wakaniita Mtanzania, na niliponyamaza wakaniita mwenye maringo. Nilikuwa mpweke kiasi cha kumsalimia mbuzi wa jirani kwa jina.

Hadija alikuwa binti wa fundi cherehani aliyeshonea mkabala na ghala. Alinizidi mwaka mmoja, na neno lake la kwanza kwangu halikuwa salamu. Alinisimamisha njiani, akanitazama kuanzia miguuni hadi utosini. "We Mtanzania, uko na kilo ngapi?" Metre alikuwa na sheria moja asiyoivunja: asiyekuwa na mwenzake wa uzito wake anakaa nje. Hadija, msichana pekee katika kundi, alikuwa amekaa nje wiki tatu akiwatazama wavulana. Alinivuta mkono hadi kwa muuza maharage, tukapanda mizani yake zamu kwa zamu, na tulipotofautiana kwa kilo moja tu alipiga kelele ya furaha mpaka mwenye mizani akatufukuza. "Mungu iko mkubwa," akasema. "Mi nilimuomba mtu, ametuma mtu wa kilo zangu!" Sijawahi kukaribishwa vizuri hivyo tena, na nimeshakaribishwa kwa pilau. Baba yake alitukatia suti mbili za mazoezi kutoka jora moja, ya Hadija akaishonea na kilemba chake, na tukawa tunapita barabarani kama mapacha.

Nilikuwa na akiba ambayo Hadija hakuwa nayo. Baba alinifundisha mieleka tangu nikiwa mdogo, kama alivyofundishwa na babu, maana hakuwa na mtoto wa kiume na hakuona sababu ya kumsubiri. Kwetu mieleka ina adabu yake: mgongo wa mwenzako ukigusa ardhi, mambo yamekwisha. Unamwachia papo hapo, unampa mkono wa kulia, unamwinua, unamkung'uta vumbi mgongoni. Anayemwangusha mtu akamwacha chini, baba alisema, hakumshinda bali amemtupa. Udongo uwahi ungali maji, na mimi niliwahiwa. Kila nilipomwangusha Hadija mkono wangu ulimfuata chini wenyewe, na Metre alishika kichwa. "Mgongo si mwisho!" alifoka. "Mwisho ni mtu kugonga zulia! We unamwinua wa nini, iko bibi yako?" Hadija alicheka, nami nikacheka, na kesho yake nikarudia.

Mwishoni mwa kiangazi Metre alituketisha akatuambia kwamba wageni kutoka klabu moja ya Bujumbura wangekuja Muyinga kutazama chipukizi wa mikoa. Katika uzito wetu wangechukua msichana mmoja. Atakayechaguliwa angepewa shule, malazi na walimu wa kweli, na kwa kuwa hakukuwa na wasichana wengine wa kilo zetu, tungepigana sisi kwa sisi. Hadija alinitazama, kisha akatazama miguu yake. Sitajifanya mtakatifu: niliitaka nafasi ile. Niliitaka kwa sababu nilijua atakayebaki atakaa nje ya ghala bila mwenzake, na nilishakaa nje ya kutosha maishani mwangu. Jioni hiyo tulirudi nyumbani kila mmoja kwa njia yake, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya.

Muyinga watu walikuwa wamejaa kuzunguka uwanja wa shule moja, na baba alikuwapo. Alikuja kwa baiskeli kutoka Gashoho, amevaa koti lake la kanisani, vumbi jekundu limempanda hadi kwenye nyusi. Tuliitwa. Kwa watoto hakukuwa na kupiga kichwani, ila mateke ya miguu, kuangusha, kubana na kukunja viungo. Hadija alianza kwa kunipiga teke la paja lililoniuma kweli, nikamkamata kiuno, nikaingiza nyonga kama baba alivyonifundisha, nikamtupa. Mgongo wake ulilia juu ya turubai. Watu walipiga yowe. Kilichobaki kilikuwa kumwangukia na kumbana, jambo nililolifanya ghalani mara chungu nzima Metre akinisimamia. Badala yake nilimwachia, nikainama, nikampa mkono. Nakumbuka hata nilianza kutabasamu. Hadija aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili, miguu yake ikapanda begani mwangu, kiwiko kikanyooka mpaka nikaona nyota mchana, na kiganja changu cha kushoto kikagonga zulia.

Uwanja ulicheka. Metre aliinamisha uso. Katika kicheko kile nilisikia makofi ya mtu mmoja, mazito, yasiyo na haraka, nikageuka nikamwona baba amesimama peke yake anapiga makofi, anang'aa. Aliponifikia alinikung'uta mgongo. "Mgongo wake umelala, mwanangu. Nimeona kwa macho yangu. Umeshinda, na umemwinua kama mtu mwenye wazazi." Nilikosa nguvu ya kumweleza kwamba hapa mgongo si mwisho. Alipanda baiskeli akarudi Gashoho akiimba.

Njiani kurudi Gitega Hadija alikaa kando yangu ndani ya basi, akivutavuta uzi wa suti yake hadi tukapita Karuzi. Halafu akaninong'oneza, "Juu ya nini ulinipa mkono? Ulifanya ekspre?" Alikuwa akiuliza kama nilifanya makusudi, kama nilimwachia nafasi. Ukweli ulikuwa mfupi: hapana, ni mazoea, ni ujinga wangu. Lakini kiwiko kiliniuma, kicheko cha uwanja kilikuwa bado masikioni, na niliona ni afadhali kuonekana mkarimu kuliko mjinga. Nikatazama dirishani, nikanyamaza. Hadija alilia kimya kimya, akaulaza mkono wangu mbovu mapajani mwake mpaka tulipofika.

Aliondoka wiki ile ile. Nilidhani angeniandikia, hakuniandikia, na kwa miaka mingi nilimwita mwenye kiburi. Nilirudi kukaa nje ya ghala siku kadhaa, kisha nikaacha. Suti yangu niliichakaza kwa kufanyia usafi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka kumi na miwili, na sikuwa nimetamka hata neno moja.

Leo nafundisha shule ya msingi Giheta, na napanga chumba Yoba, si mbali na lile ghala, ambalo sasa linauza saruji. Hadija anapigana kusini mwa Afrika, ndani ya ulingo wa wavu, taa zikimmulika. Vijana wanaochaji simu kibandani kwetu humtaja kwanza kila wanapohesabu chipukizi wa kuangaliwa, wasijue kwamba dada anayesubiri chenji yake aliwahi kumlaza chali. Mwezi uliopita yule fundi, baba yake Hadija, alinionyesha dukani kwake mahojiano ya binti yake kwenye simu. Walimuuliza kwa nini kabla ya kila pambano hugusa kiwiko chake cha kulia. Akajibu kwamba nafasi aliyonayo si yake. Kuna rafiki alimpa, naye hajawahi kuwa na uso wa kumwandikia. Nilitoka nje ya duka nikakaa chini.

Niliomba namba yake, nikamtumia sauti, maana vidole vilikataa kuandika. Nilimwambia sikumpa kitu. Mkono ulikwenda wenyewe, naye akashinda, na nilinyamaza kwa aibu. Alijibu kesho yake asubuhi. Nilisikia kwanza pumzi, kisha kicheko, kisha kilio. "Yampayinka!" alimaka kwa Kirundi. "Miaka yote hii mi nabeba deni ya bure? We Mtanzania, we iko mubaya!" Kisha akauliza, "Uko na kilo ngapi sasa?"

Baba yuko Gashoho, miguu imemchoka, na jirani yeyote akimtajia msichana yule wa kwenye simu, humwambia kwamba binti yake alimwangusha, tena akamwinua. Kimya changu kiliwapoteza watu wawili. Mmoja nimemwambia ukweli. Wa pili nilikwenda kumwambia Jumapili iliyopita, akanipokea mlangoni, akanikung'uta vumbi la safari mgongoni, nikamwacha na ushindi wake.