Hasina, mpishi anayewapigia hodi majambazi

Saa nane mchana, jua linachoma mabati ya Usagara, Tanga, lakini ndani ya chumba hiki kidogo ni giza. Madirisha yamezibwa kwa kanga mbili na boksi la friji. Hasina Sadalla, ambaye asubuhi yote alikuwa jikoni akikaanga samaki, amekaa kwenye kiti cha plastiki, hedifoni masikioni, pedi ya gemu mikononi, na hapepesi macho.

Mbele yake kwenye skrini kuna mlango wa mbao uliorudishwa nusu. Inaonekana mikono miwili tu, mmoja una tochi na mwingine una pingu. Ni mikono ya askari anayeongozwa na Hasina, na kila anachokiona askari huyo ndicho anachokiona mchezaji. Nyuma ya mlango, mahali fulani gizani, kuna jambazi.

"Hodi," anasema Hasina.

Kimya. Anavuta pumzi, anaita tena. Mara ya tatu sauti ya mwanamume inamjibu kutoka ndani, polepole na kwa adabu zote: "Karibu, mama."

Mwandishi wa makala haya alikuwa amepewa hedifoni za pili ili asikie. Hakuona haya kuzivua.

Hasina hazivui zake. Jasho linamteremka shingoni, viganja anavifuta kwenye kanga. Kisha anaishika pedi upya na kuitika kama anavyoitika mgeni yeyote wa Kitanga anapokaribishwa: "Starehe." Na anaingia.

Inamchukua dakika arobaini kumpata mtu huyo nyuma ya pipa la maji na kumfunga pingu. Hajapiga risasi hata moja.

Gemu lenyewe linaitwa Kambi ya Tisa, na halijaanza kuuzwa. Linatengenezwa humu humu chumbani na Praxeda Mathew, binti wa miaka ishirini na saba, akisaidiwa na Rahimu, kijana anayeshughulikia sauti. Kambi inayoonekana ni ya wakata mkonge, iliyohamwa zamani, na kila nyumba kati ya tisa ina jambazi mmoja aliyejificha. Praxeda aliichora kwa kukumbuka kambi aliyoishi babu yake, aliyekuja Tanga kutoka Songea kukata mkonge na hakurudi tena.

Kazi ya Hasina, ukiisema haraka haraka, watu hucheka. Analipwa aogope. Siku tatu kwa wiki, akishamaliza kuuza chakula, hucheza gemu hilo huku Praxeda akiandika kila anaposhtuka, anaposita na anapofumba macho. Kila kikao hupewa shilingi elfu kumi na tano, fedha ambayo anasema kwenye wali angeitafuta siku mbili.

"Sisi tumelitengeneza wenyewe, tunajua jambazi amekaa wapi, hatuogopi tena," anasema Praxeda, ambaye humwita Hasina kwa jina la bintiye, Mama Najat. "Vijana wa mtaani nao wanaingia, wanapiga risasi, wanacheka, wanatoka. Tukimwangalia Mama Najat ndipo tunajua nyumba inatisha au haitishi."

Lakini Hasina ana lake lililomkalisha kwenye kiti kile. Ana nyumba kijijini Kigombe, ya vyumba vitatu, aliyoijenga na marehemu mumewe tofali kwa tofali. Huu ni mwaka wa pili hawezi kuingia ndani yake. Na binti yake wa pekee, Najat, aliyeolewa Moa, ana mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza.

Kwa watu wa pwani hii, mzazi wa mara ya kwanza hurudi kwa mama yake. Kujifungua atajifungulia kituo cha afya, hilo halina mjadala, lakini arobaini yake hukaa kwao, akandwe maji ya moto na mama yake, anyweshwe uji wa pilipili manga na mama yake, alale mama amshike mtoto. Sasa Hasina anaishi Usagara kwa dada yake, chumba kimoja na watoto watatu wa dada huyo. Mzazi na kichanga watalala wapi? Najat ameshasema, kwa upole, kwamba atakaa kwa mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, na mama yake asijisumbue.

"Hakuna wa kunilaumu," anasema Hasina, akikosha sufuria uani baada ya mchezo. "Najat mwenyewe hanilaumu. Lakini mwanangu ana kwao, na kwao kumefungwa kwa ajili yangu mie."

Habari ya gemu ilianza kwa sahani za wali. Mwaka jana Hasina alikuwa akiwaletea vijana hawa chakula cha mchana, akisubiri vyombo vyake huku akishangaa watu wazima wanaoshinda gizani. Siku moja Praxeda akampa pedi kwa mzaha, akamwonyesha namna ya kutembea. Hasina akafika kwenye mlango wa kwanza, akasimama, akapiga hodi.

Wakacheka mpaka machozi. Rahimu akamwambia kwamba wale ni majambazi, hawapigiwi hodi. Hasina akamjibu kuwa hata nyumba ya jambazi huenda ina mwanamke ndani hajajistiri, na akaendelea kusimama pale pale mpaka zilipotimia hodi tatu, kama alivyolelewa.

Ndipo kilipotokea kitu ambacho Praxeda akikisimulia bado anashika kichwa. Alikuwa amempangia jambazi wa kila nyumba kwamba askari akisimama kimya muda mrefu, jambazi naye achoke na ahame alipojificha. Mwenyewe alikuwa ameshasahau kwamba aliweka kitu hicho. Hakuna mchezaji aliyewahi kukigundua, kwa sababu hakuna aliyewahi kusimama. Wote waliingia mbio, wote waliuawa nyumba ya tatu au ya nne.

Hasina, kwenye ile adabu yake ya kungoja, akasikia mguu ukiburuzwa sakafuni upande wa kushoto. Akaingia kwa upande wa kulia. Jambazi wa kwanza akapatikana amekaa kitako, mpishi akammulika tochi usoni, na Rahimu akaacha kucheka.

Wiki ile ile wakamwomba awe anakuja kucheza. Kisha Rahimu, akitaka kunogesha, akaunganisha kipaza sauti ili nyumba isikie hodi ya mchezaji, na akarekodi sauti ya jambazi ya kuijibu. Hakumwambia Hasina. Alitaka amshtue kidogo tu, anasema, na anaposema hivyo anaangalia chini.

Siku aliyosikia "Karibu, mama" kwa mara ya kwanza, Hasina alivua hedifoni, akatoka bila viatu, akaacha sufuria zake zote. Siku nne hakuonekana. Siku ya tano Praxeda na Rahimu wakamfuata kwa dada yake, wakatoa shikamoo, wakaomba radhi na kuahidi kuifuta sauti ile siku hiyo hiyo. Hapo Hasina akawasimulia jambo ambalo hata Najat alikuwa hajalisikia lote.

Ilikuwa mchana, saa saba na kitu, anatoka sokoni kununua dagaa. Akakuta mlango wa nyumba yake Kigombe uko wazi kidogo. Hakushtuka, kwa kuwa alikuwa na mpwa wake aliyezoea kuja kutoka mjini na kuchukua ufunguo kwa jirani. Akafikiri kijana labda anabadili nguo. Akapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Nikakaribishwa," anasema. "Karibu, mama. Sauti nzuri, ya mtu aliyelelewa. Mie nikavua viatu nikaingia."

Walikuwa watatu. Walimfunga mikono kwa kanga yake, wakamkalisha jikoni, wakachukua televisheni, mtungi wa gesi na dhahabu chache za harusi ya Najat zilizokuwa zimebaki. Hawakumpiga. Yule aliyemkaribisha alikuwa akimwita mama mpaka mwisho, hata alipokuwa akikaza fundo. Jirani alimkuta alasiri. Watu wale hawajapatikana mpaka leo.

Vitu, anasema, ni vitu tu, alhamdulillahi. Kilichobaki mle ndani ni ile karibu. Tangu siku ile amekwenda Kigombe mara tatu na ufunguo mkononi, na mara zote tatu aliishia kibarazani, akarudi barabarani kungoja gari la mjini.

Basi Praxeda aliporudia kwamba sauti ile ataifuta, Hasina akamkatalia. "Mwanangu, usiifute," alimwambia. "Mkiitoa humo, mie nitaizoea wapi?"

Kesho yake alirudi, akavaa hedifoni, akapiga hodi. Alipojibiwa akavua na kwenda kukaa uani. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Praxeda ameandika yote kwenye daftari lake: mara kumi na nne Hasina aliishia mlangoni. Mara ya kumi na tano alisema starehe, akaingia, akauawa baada ya hatua mbili, akaomba kuanza tena.

Mwandishi naye alipewa pedi, maana ni rahisi kumsifu mtu ukiwa umekaa pembeni. Aliingia nyumba ya kwanza mbio mbio kama wenziwe wote na aliuawa kabla hajaziona hata kuta zake. Mpishi alimpa pole, akamshauri asikimbilie nyumba za watu.

Kwa miaka mingi ya kazi hii nimewaandika wapiga mbizi, wachimba visima na mtu mmoja aliyekamata chatu kwa mikono. Sijaona jambo lililonistaajabisha kama mama huyu, amelowa jasho, anavyokwenda hatua moja baada ya nyingine kuelekea sauti anayoiogopa kuliko zote duniani. Nilitamani kumshika mkono, na niliona aibu kwamba ningemshika ili nitulie mie.

Jumatano iliyopita alimfunga pingu jambazi wa tisa. Hakuna mchezaji mwingine aliyefika nyumba hiyo. Praxeda alilia, Rahimu akapiga simu kwa kila anayemjua. Hasina akauliza kama kuna gari la Kigombe Jumamosi asubuhi.

Tulikwenda watatu, yeye, Praxeda na mie, kwa barabara ya Pangani. Nyumba tuliikuta imesimama vizuri, majani yamepanda mpaka usawa wa dirisha, kufuli limeshika kutu. Hasina akatuambia tubaki uani, tusimfuate hata tukisikia amepiga kelele. Akatusisitizia hilo mara mbili.

Alisimama kibarazani kwa muda mrefu kuliko alivyosimama kwenye nyumba yoyote ya Praxeda. Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka. Mara moja aligeuka akatutazama, na nilidhani yamekwisha, tunarudi barabarani. Kisha kufuli likalia, mlango ukasukumwa, na kanga yake ikapotelea ndani.

Praxeda alinishika mkono wa shati akaukunja wote. Tulisikia kuku wa jirani, tukasikia pikipiki ikipita, kutoka ndani hatukusikia lolote. Nilitazama saa. Zilipita dakika sita.

Likafunguka dirisha la kwanza, kwa kugongwa na kitu kizito, vumbi likatoka. Halafu la pili. Halafu la chumba cha mbele, kile chenye nafasi ya vitanda viwili. Kupitia dirisha hilo tukamwona Hasina ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele, simu ameiweka mapajani na kuifungulia spika.

"Mama, mbona sauti yako inavuma hivyo?" ilikuwa sauti ya Najat kutoka Moa. "Uko wapi?"

"Niko nyumbani."

"Kwa mama mkubwa?"

"Kigombe. Niko ndani."

Tulisikia pumzi za Najat, na nyuma yake mtu anatwanga.

"Uko na nani humo ndani, mama?"

"Peke yangu," akajibu Hasina. "Naogopa mpaka meno yanagongana, lakini nimeingia. Mwambie mumeo mwezi ujao akulete. Madirisha nishayafungua."