Maneno Aliyoyafuta Benedeta

Kuanzia Masafu mpaka Kisoko, watu wakifiwa humwita Mama Carol kabla hata ya kumwita fundi wa jeneza. Jina lake ni Benedeta, na kazi yake ni kuandika historia ya marehemu, ile karatasi inayosomwa kaburini: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alioa nani, ameacha watoto gani. Hapo kwenye watoto ndipo watu hutega masikio. Anayetajwa mbele ya mchungaji na ukoo mzima ni wa nyumba ile, na shamba atapata. Asiyetajwa ajitafutie kwingine.

Benedeta alisoma mpaka darasa la saba tu, na mkono wake ni mzito wa kuandika. Kwa hiyo alijiwekea mtindo wake. Anawasikiliza wafiwa, anarudi nyumbani, anaandika yote, hata yale ya aibu. Kisha anafumba macho anaomba, na akimaliza kuomba anafuta yasiyofaa kusomwa. "Nisipoyaweka chini kwanza," alizoea kusema, "yanakaa kichwani yananizuia njia." Kompyuta ya zamani, ile kubwa aliyoachiwa na marehemu mumewe, ilivumilia mtindo huo miaka kumi na mmoja. Alichofuta kilifutika.

Mwezi wa tatu radi ikapiga, kompyuta ikanuka moshi, ikafa. Akaenda Busia mpakani, dukani kwa Arthur Maloba. Hakufikiria duka lingine. Maloba ni msomaji wa masomo kanisani kwao; mumewe Benedeta ndiye aliyemsimamia siku ya ubatizo, na mumewe alipofariki, Maloba alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Laptopu waliipata upesi. Kazi ikawa kuchagua programu ya kuandikia.

"Ziko mbili, mama," alisema Maloba, akafungua ya kwanza. "Hii ni ya bure. Inakaa ndani ya mashine yako, haitaki mtandao, haitaki jina la mtu."

Benedeta akaijaribu. Vitufe havikukaa pale alipovizoea, lakini aliandika "Bwana asifiwe", akafuta, akatabasamu. "Mimi naona hii inanitosha."

"Itakuaibisha. Ukipeleka kwa mchapishaji, picha ya marehemu inaruka inaenda kukaa kwa ukurasa wa nyimbo." Akafungua ya pili, na hiyo ilifanana na ile aliyoizoea. "Hii hulipiwa kila mwaka, lakini wewe usilipe. Nakuingiza kwa akaunti yangu, unatumia jina langu. Hata mashine ikiibiwa, kazi yako iko salama huko mtandaoni."

"Salama kwa nani?"

Maloba akacheka. "Kwetu, mama. Ama siku hizi unaniogopa?"

Benedeta aliona haya kwa kuuliza vile. Akaliombea duka baraka, akachukua ya pili.

Mwezi wa tano, mzee Obbo wa Kisoko akafariki. Mjane wake, Akumu, ni mwenzake Benedeta katika umoja wa kina mama. Walikaa jikoni wawili tu. Akumu akataja watoto wanne, akaanza na Allan, halafu akawa anakunja na kukunjua upindo wa leso.

"Allan nilikuja naye tumboni," alisema. "Obbo alijua. Alisema mtoto akizaliwa kwangu ni wangu, na hatukumwambia mtu, hata Allan mwenyewe. Nakuambia wewe kwa sababu mzigo umenishinda."

"Umeniambia mimi na Mungu," Benedeta alimjibu.

Nyumbani akaandika yote kama kawaida yake: Allan si damu ya Obbo, lakini Obbo alimpenda kuliko damu. Akaomba. Akafuta. Akaandika upya kwamba marehemu ameacha watoto wanne, wa kwanza Allan.

Siku moja kabla ya mazishi, alasiri, ukoo ulikaa chini ya hema kupanga mambo. Allan alikuwa amekwenda Tororo kuchukua jeneza. Ogwang, ndugu wa marehemu, akatoa simu mfukoni, akasoma polepole, watu wote wasikie: "Allan si damu ya Obbo, lakini Obbo alimpenda kuliko damu."

Benedeta alikuwa akimenya matoke na wenzake. Kisu kikasimama mkononi. Aliyajua maneno yale kama ambavyo angeijua nguo yake mwenyewe kwenye kamba ya jirani. Akainua macho kumtafuta Maloba. Alikuwa ameketi ubavuni mwa Ogwang, baba mkwe wake, akitazama viatu vyake.

Akamwita kando, penye tangi la maji. "Arthur. Niliyafuta."

"Yalifutika kwako, mama. Ile programu inatunza kila ulichoandika, cha kwanza na cha mwisho. Na jina ni langu. Sikuiba; yalikuja kwa simu yangu yenyewe."

"Ukayasoma."

"Niliyasoma."

"Ukampelekea mkweo."

"Mzee aliniuliza habari za shamba. Ningemdanganya?" Sauti yake ilikuwa ile ile ya kusomea Neno, laini, isiyo na haraka. "Wewe mwenyewe ulitufundisha tusiseme uongo."

Hilo ndilo lililomkata. Angekuwa mlevi wa mpakani aliyemfanyia vile, angemsamehe kabla ya jua kutua. Huyu alikuwa amekula mezani kwake, na hata sasa alikuwa akimwita mama.

Kesho yake Ogwang alimwamuru asome watoto watatu. Benedeta akasimama penye kaburi akasoma wanne, akaanza na Allan. Mchungaji alikuwepo, hakuna aliyembishia. Lakini watu walitazamana.

Baada ya mazishi alimpa Akumu mkono. Akumu hakuupokea.

"Nilikuambia wewe, jikoni," alisema. "Sasa hiyo kompyuta yako ina watu wangapi ndani?"

Benedeta alikuwa angali amesimama pale Allan alipomjia, udongo wa kaburi mikononi.

"Mama Carol, wanasema yale maneno ya jana uliyaandika wewe. Basi nakuuliza wewe. Obbo ni baba yangu?"

"Ni baba yako. Ndivyo nilivyoandika, na umesikia nikisoma."

Allan akapangusa udongo wa mikononi.

"Hayo uliyaandika baadaye," alisema. "Mimi naulizia yale ya kwanza."