Kibati Kipya cha Boila

Pale kwenye kiwanda cha dobi fundi mmoja walimwita Kijana, kwa utani tu, maana mvi zilimjaa hadi kwenye nyusi, lakini makaratasi yake yalishikilia kuwa ana miaka hamsini na mitatu. Ukweli alikuwa na sitini na mitatu. Alijipunguzia kumi siku alipoomba kazi ya ufundi wa boila, lile tangi la chuma la kuchemshia maji ya mvuke, akapewa, yakaisha.

Basi asubuhi moja akakuta boila limepigiliwa kibati kipya cha kuonyesha umri wake: miaka ishirini na sita. Ala, ishirini na sita ya wapi? Yeye mwenyewe alikuwa kati ya vibarua walioliingiza pale, miaka arobaini na mmoja iliyopita. Kwa sheria, maboila yaliyovuka miaka thelathini yalikuwa yanafungwa, na mkaguzi alikuwa njiani. Juzi tu mshono wa ubavuni ulianza kuvuja mvuke. Nyuma ya ukuta wa chumba cha boila binti yake alikuwa akipiga mashuka pasi.

Mkaguzi alipofika, fundi akasema, "Mkuu, hicho kibati ni cha uongo. Hili boila nimelibeba mimi." Akautaja mwaka.

Meneja akafungua faili la fundi taratibu, akacheka. "Mwaka huo huyu alikuwa na miaka kumi na miwili. Alilibeba na begi la shule?"

Hapo angeweza kunyamaza. Aliogopa, tena sana. "Nilikuwa na ishirini na miwili," akasema. "Nilidanganya umri."

"Kumbe," akasema meneja. "Umri wako umetudanganya, halafu tukuamini kwa umri wa chuma?"

Mkaguzi akatazama faili, akatazama kibati, akatia saini. Boila likapata kibali cha miaka miwili mingine, na fundi akafukuzwa palepale.

Akapitia chumba cha pasi. "Twende, mwanangu. Ule mshono hauchelewi kupasuka."

"Baba, wewe umeshafukuzwa. Na mimi nikiondoka tutakula nini?" Binti akamfuta jasho kwa kanga. "Nenda ukapumzike. Jioni tutaongea." Akarudi mezani, mgongo kwenye ukuta wa moto.

Fundi alikaa nje ya lango. Alijua fundi mwenzake aliyeajiriwa wiki iliyopita ndiye atakayekabidhiwa boila, atasoma kibati, ataamini kuwa chuma bado kina nguvu, ataongeza moto. Mvumo wa boila ukaanza kupanda.

"Shusha moto," akanong'ona. "Shusha, mwanangu yumo."

Ukapanda tena.