Bei ya Mtu Anayeondoka

Nyuma ya Msikiti wa Ijumaa, ndani ya vichochoro vya Badjanani, palikuwa na chumba kilichojulikana na kila mtu mjini Moroni, mji mkuu wa Komoro, aliyetaka friji na hana pesa ya friji mpya. Mwenye chumba aliitwa Oumaya. Vitu vyake vilikuja ndani ya makontena kutoka Marseille, vimetumika katika nyumba za watu huko hadi wakavichoka: friji, vyerehani, pasi, majiko ya gesi, masufuria makubwa ya shughuli. Yeye alivisugua, akavijaribu kimoja kimoja, akavipanga hadi kizingitini, mteja akawa hana pa kupitisha mguu.

Katika kupatana bei hakuwa na mfano. Wauzaji wengi, mteja akitaja nusu, hufoka na kumwambia akanunue kwa mama yake. Oumaya hakufoka. "Anayekupa nusu hajakutukana," alizoea kusema. "Anabisha hodi tu." Alimkaribisha mtu huyo kwenye kigoda, akammiminia chai, kisha akamwonyesha kasoro kwa mkono wake mwenyewe: mlango huu umelegea, waya huu nimeubadilisha. Mtu akishaonyeshwa kasoro na mwenye kitu, atakishushia nini tena? Mwisho alitaja bei yake ya mwisho mara moja, akanyamaza. Mteja akitaka kuondoka, alimwacha aondoke. Wengi walifika konani, wakageuka.

Ujuzi huo aliupata kwa shida. Alizaliwa Mahajanga, Madagaska, kwa wazazi waliotoka Ndzuani, kimojawapo cha visiwa vya Komoro. Mwishoni mwa mwaka 1976 mji ule uliwageukia Wakomoro waliokuwa wakiishi humo, damu nyingi ikamwagika, na waliosalia wakarudishwa visiwani mwaka uliofuata. Waliletwa na ndege za Sabena, jina la ndege likawaganda: wakaitwa Wasabena, wao na watoto wao. Oumaya alikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba yake, aliyekuwa akitengeneza baiskeli, aliuza zana zake zote kwa jirani kwa thamani ya gunia moja la mchele, na huo mchele hawakuwahi kuula. Huko Moroni mzee hakushika tena kazi. Alikaa barazani akihesabu vizazi vya majirani wa Mahajanga, nani mtoto wa nani, mpaka akafa. Ikambidi binti yake aanze maisha kwa kuuza sufuria mbili za mama yake kando ya barabara. Alipouza hizo akanunua tatu zilizochakaa, akazisugua.

Ikapita miaka ishirini na zaidi. Aliolewa na mtu wa Moroni, mume akafariki, hawakujaliwa mtoto. Ndzuani yenyewe aliijua kwa kwenda kumtembelea dada yake, Bahiat, aliyeolewa Mirontsy, pembeni mwa mji wa Mutsamudu. Hata hivyo lafudhi ya wazazi wake haikumtoka ulimini. Ndzuani ilipojitangaza kujitenga na Komoro mwaka 1997, wateja walianza kumtania. "Bi Oumaya, na hili friji nalo limejitenga? Mbona haligandishi?" Alicheka nao. Mwaka wa pili utani ulipungua. Mwaka wa tatu haukuwepo tena.

Aprili ya mwaka 1999 wajumbe wa visiwa walikutana Antananarivo, na wale wa Ndzuani wakarudi bila kutia saini mkataba wa kuviunganisha tena visiwa. Moroni ikawaka. Vijana waliweka vizuizi barabarani wakawa wanasimamisha magari na kuwauliza watu asili yao. Asiyetaka kujibu walimtaka aseme tu maneno mawili matatu, wamsikie. Siku ya tatu jiwe liligonga mlango wa Oumaya. La pili likapita dirishani likavunja kioo cha kabati.

Jirani yake Nassima, mshonaji wa nguo, mzaliwa wa papo hapo Badjanani, alikuja mbio akasimama mlangoni mikono kiunoni, akawatazama vijana wale usoni hadi wakatawanyika. Wawili kati yao alikuwa amewashonea kanzu za Idi.

"Dada," alimwambia Oumaya walipobaki peke yao, "mimi nitasimama hapa leo, nitasimama na kesho. Lakini siwezi kusimama kila siku."

"Najua," alisema Oumaya.

"Nenda kwa dada yako. Kukitulia utarudi."

Oumaya alizoa vioo. Maneno hayo hayo, *kukitulia tutarudi*, aliwahi kuyasikia kwa baba yake Mahajanga.

Meli ya mizigo ya kwenda Ndzuani ilikuwa inaondoka baada ya siku nne, na kila mtu aliruhusiwa mizigo miwili ya mkononi. Basi ilimlazimu auze. Aliandika kwenye karatasi majina ya vitu na bei zake, bei nzuri, chini kuliko za kawaida. Nassima akazibandika posta, dukani na kwenye ukuta wa stendi. Oumaya hakuandika kwamba anahama. Hata hivyo watu walilisoma neno hilo ambalo halikuandikwa, kwa maana siku zile vitu vyote vilivyokuwa vikiuzwa kwa haraka Moroni vilikuwa vya watu wa Ndzuani.

Walikuja wengi. Walivipekua vitu kama watu waliookota. Mmoja alitaka jiko la gesi kwa bei ya mtungi mtupu. Mama mmoja aliyewahi kula biriani chumbani mle alichagua masufuria matano, akatoa pesa ya moja. Oumaya alipomwonyesha kasoro kama desturi yake, yule mama alidakia, "Basi, kama bovu, kwa nini nilipe?" Aliponyamaza, nao walinyamaza. Alipowaacha waondoke, walikwenda kweli, na hawakugeuka konani. Wangegeukia nini? Kesho bei ingekuwa chini zaidi. Jioni ya siku ya pili alielewa kilichoharibika: kupatana bei ni mchezo wa watu wawili ambao kila mmoja anaweza kusimama akaenda zake. Sasa aliyeweza kwenda zake alikuwa mmoja.

Kilichobaki chenye thamani kilikuwa friji kubwa, jeupe, zima. Mwezi uliotangulia Fakri, fundi mwashi, mteja wake wa miaka kumi na mmoja, alikuwa amelitajia faranga elfu sabini, naye Oumaya akasubiri themanini. Siku ya tatu Fakri alikuja. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Pole, Bi Oumaya. Mambo haya hayatupendezi hata sisi."

"Ahsante, fundi. Friji ni lile, unalijua. Nipe hizo sabini zako."

Fakri alisugua goti. "Sabini zilikuwa za mwezi uliopita. Leo nina kumi na tano."

"Kumi na tano hazinunui hata mlango wake."

"Ni kweli," alisema Fakri kwa upole. Akanywa chai yake, akaaga, akaenda.

Kesho yake, saa chache kabla ya meli, alirudi na wachukuzi wawili na mkokoteni. Nassima alikuwepo, anafunga mizigo.

"Kumi na mbili," alisema Fakri.

Nassima aliinua kichwa. "Fakri! Jana si ulisema kumi na tano?"

"Jana meli ilikuwa mbali."

Oumaya alimtazama mtu huyu ambaye alikuja kumzika mumewe, aliyebeba jeneza, na akaona kwamba hakuwa na chuki yoyote. Alikuwa amepiga hesabu tu. Hilo lilimuuma kuliko jiwe la dirishani.

"Lichukue," alisema.

Fakri alitoa pesa. "Mungu akubariki. Basi umeniuzia kwa kumi na mbili, kwa radhi yako."

"Nimekuuzia," alisema Oumaya. "Radhi sijatoa."

Mkono wa Fakri ulibaki hewani na noti zake. "Usiseme hivyo, Bi Oumaya."

"Nassima ni shahidi. Chukua friji, weka pesa hapo. Mimi sijaridhika."

Wachukuzi walitazamana. Hao nao walikuwa Waislamu, walijua kwamba kitu kilichouzwa bila radhi ya mwenyewe si halali kwa mnunuzi. Mkubwa wao aliondoa mkono wake juu ya friji.

"Hii ni biashara tu," alisema Fakri. "Kumi na tano, basi, kama jana. Sema umeridhika."

Oumaya alinyamaza.

"Ishirini."

Alinyamaza.

"Thelathini! Bi Oumaya, mimi nina watoto, watakunywa maji ya friji hili. Nihalalishie."

Hapo Oumaya alishtuka moyoni, maana aliisikia bei ikipanda. Ukimya wake ulioshindwa siku tatu nzima ulikuwa umepata nguvu tena. Alijua angeweza kungoja, mtu huyu angefika hamsini, pengine sabini zake za zamani. Alizihitaji. Lakini alijua pia kwamba mwisho wa bei hiyo angelazimika kutamka neno lile, na likitamkwa kwa pesa litakuwa limeingia kwenye orodha ya karatasi pamoja na masufuria.

"Arobaini," alisema Oumaya.

"Arobaini, haya! Nawe umeridhika?"

"Arobaini ni ya friji. Radhi siuzi."

Fakri alisimama kitambo, jasho likimtiririka. Kisha akaweka arobaini juu ya kigoda, akawaashiria wachukuzi, na safari hii wakalibeba. Hakuaga.

Cherehani kizuri, cha miguu, Oumaya hakukiuza. Alimwambia Nassima, "Hiki kiwe amana kwako. Kitumie, kipake mafuta." Nassima alitaka kutoa chochote, hata kidogo, Oumaya akamkatalia. Walipoagana bandarini Nassima alilia, mwenzake hakulia. Machozi yalimjia siku mbili baadaye, Mirontsy, alipokuwa akimenya muhogo na Bahiat akamuuliza kama unahitaji chumvi.

Huko Ndzuani hawakumrushia mawe. Walimwita tu Msabena, na wengine, kwa sauti ya chini, yule wa Moroni. Alichukua faranga zake elfu arobaini na zile chache nyingine, akaweka meza ya vitu vilivyotumika karibu na barabara ya kwenda Mutsamudu. Mwaka uliofuata umoja wa nchi za Afrika uliiwekea Ndzuani vikwazo. Simu zikakatwa, mafuta yakaadimika, bandarini meli zikapungua hadi makuli wakawa wanalala kivulini mchana kutwa. Watu wakaanza kutoa vitu nyumbani mwao wakavileta mezani kwa Oumaya.

Asubuhi moja alikuja mwanamke kijana, Zaitoun, mke wa kuli, amebeba seti ya sahani za arusi kichwani. Sahani kumi na mbili zenye ua la buluu, hazijawahi kutumika. Oumaya alizigeuza, akataja bei. Aliitaja kama alivyozoea, nusu na chini kidogo, apate pa kupandia.

"Sawa, mama," alisema Zaitoun, hapo hapo.

Oumaya aliduwaa. Alikuwa amebisha hodi, na mtu amefungua mlango wote. Alimtazama vizuri yule binti, kanga yake safi iliyofuliwa hadi rangi ikaisha, macho yake yakiwa kwenye pesa na si kwenye sahani.

"Hupandishi?"

"Nikipandisha, ukikataa, nitazipeleka wapi?"

"Umeridhika na bei hii?"

Zaitoun alitaka kusema ndiyo. Midomo ilijaribu. Kisha akainama, akazitazama sahani.

"Alinipa mama yangu," alisema.

Oumaya hakuwa tajiri, wala wakati ule hakuwa na uwezo wa kulipa thamani ya vitu vile. Alitoa pesa ileile aliyoitaja, akaongeza kibaba cha mchele, akazifunga sahani kwa gazeti. "Sijazinunua," alisema. "Zitakaa chini ya kitanda changu. Ukipata pesa hii, uje uzichukue. Usipoipata, tutazungumza bei, lakini siku ambayo unaweza kunikatalia."

Kuanzia hapo alifanya hivyo kwa kila aliyesema *sawa* upesi mno. Bahiat alimlaumu: chini ya kitanda pamejaa, pasi, redio, mpaka kiti cha mtoto, na mezani hamna kitu. Kweli alipata hasara. Wengine walirudi kuchukua vyao, wengine hawakurudi, na redio mbili zililiwa na kutu. Zaitoun alikuja baada ya miezi saba, akalipa kwa mafungu matatu.

Mwaka 2001, baada ya visiwa kupatana na simu kurudi, Nassima alipiga kutoka Moroni. Walizungumza kwanza juu ya waliokufa, kisha juu ya bei ya mchele. Nassima alimwomba arudi, chumba bado kipo. Oumaya alisema magoti yake hayawezi tena kuanza upya katika mji mwingine, miji mitatu inatosha.

"Na Fakri," alisema Nassima, "kila akinikuta ananiuliza. Anataka kutuma zile thelathini zilizobaki. Anasema umpe radhi."

"Asitume pesa," alisema Oumaya. "Mwambie sijamwombea mabaya hata siku moja."

"Na hilo neno?"

"Hilo, mwambie bado."

Alipotoka kwenye nyumba ya simu alikuta jua limekwisha panda. Mtu alikuwa akimngoja mezani na feni iliyofungwa kwa kamba, anataka kujua atapewa ngapi. Oumaya alivuta kigoda, akamwambia aketi kwanza.