Bonjour ya Papa Augustin

Mama Clémence hakuomba kazi ya admin. Alifungua kikundi cha WhatsApp, akakiita Maua ya Bunia, basi mzigo ukabaki kichwani pake. Hakuna anayemlipa. Mchana kutwa anashona vitenge barazani kwake, mtaa wa Lumumba, mguu uko kwenye mashini, jicho liko kwenye simu. Alitaka mahali pamoja tu katika mji huu ambapo mtu anafungua simu asikute habari ya vita wala ya kifo. Maua tu. Sheria aliiandika kwa herufi kubwa: LETA UA ULILOPANDA WEYE MWENYEWE. Sasa ugumu hapo uko wapi?

Wee! Watu! Ketsia analeta picha za wigi anazouza. Fabrice analeta maombi yenye laana kwa asiyeyasambaza, na akikatazwa anauliza kama présidente, yaani Clémence, hamuogopi Mungu. Clémence anafuta, anaeleza, anafuta tena, mpaka siku moja akashona mkono wa gauni upande usio wake.

Lakini aliyemchosha kabisa ni Papa Augustin, muzee mpole aliyefiwa na mke, aliyekimbia vita upande wa Kpandroma na sasa anaishi peke yake huko chini mtaani. Kila asubuhi analeta waridi lilelile jekundu la kuokota kwenye Internet, limeandikwa salamu ya Bonjour. Clémence akamkumbusha sheria. Papa akajibu kwa adabu: "Lakini mama, hii haiko ua?" Utamjibu nini mtu kama huyo? Halafu dada wa Papa, Brigitte, aliyebaki Kpandroma na ambaye hajawahi kuonyesha hata jani, anaandika: "Asante ndugu, nimeona." Wengine nao wanafuata, bonjour, bonjour, bonjour, mpaka begonia ya Jemima, aliyoilea kwenye kopo la maziwa kama mtoto, inazama bila mtu kuiona. Jemima akakata tamaa, akaacha kuleta picha.

Hapo ndipo Clémence alipochemka. Akampigia simu Papa Augustin. "Papa, na heshima yote, wacha ile bonjour. Ua yako ikifunguka, njo utuonyeshe."

"Sawa, mama présidente." Akanyamaza kweli.

Raha iliyoje! Kikundi kikawa safi. Jemima akarudi na begonia yake, watu wakaisifu, na Clémence akajisifu moyoni.

Haikudumu. Katikati ya juma Fabrice akaandika: "Papa Augustin hasalimie tena. Mungu asituletee mabaya." Ni hayo tu. Aliyefuata akaleta mshumaa. Mwingine akaleta shada, "Pumzika kwa amani, papa." Na huku kwetu, penye pole huulizi habari imetoka wapi, unatoa pole kwanza, usije ukaonekana huna utu. Kabla Clémence hajamaliza pindo moja, Papa Augustin alikuwa amekwisha kufa, na Ketsia anauliza watavaa kitenge gani kwenye kilio.

"Nani aliona maiti?" Clémence akaandika kwa hasira. "Nani?"

Mishumaa ikaendelea kumiminika.

Alikuwa ameanza kuifuta pale sauti ya Brigitte ilipoingia, kilio kinamkata maneno. "Nilijua mie. Waridi ilikosa, nikajua. Musimuzike. Kesho napanda moto, nakuja."

Mkono wa Clémence ukasimama. Ile barabara! Hata madereva wa moto, hizo pikipiki, wenyewe hawaipiti bila kuuliza usalama, na wapo waliouliza wasifike. Akaandika: "Mama Brigitte, usitoke, tungojee kwanza." Brigitte akajibu: "Nani atanizuiya kuzika ndugu yangu? Tulibakia siye wawili tu."

Akampigia Papa Augustin. Simu imefungwa. Akapiga tena. Imefungwa. Kwani yeye amejuaje kama yule muzee ni mzima? Na aliyemnyamazisha ni nani?

Akaacha gauni chini ya sindano, akatoka mbio na ndala zake, mita ya kupimia ikining'inia shingoni.

Alimkuta amechutama uani, anamwagilia waridi lililopandwa kwenye debe, lenye tumba moja lililofumba.

"Papa Augustin!"

"Eh, mama présidente, karibu. Ua haiyafunguka bado."

"Simu yako iko wapi?"

"Niliifunga. Ulisema ninyamaze, sasa nimalize batri ya nini? Umeme yenyewe naomba kwa jirani."

"Papa, watu wanakulilia! Dada yako anataka kupanda moto kesho aje kukuzika!"

Kopo likamponyoka. "Brigitte? Kwa ile njia?" Akatafuta pa kukaa. "Mama, ile bonjour ilikuwa ya yeye. Nikimupigia, réseau inakatika. Na kwa telefone hii najua kutuma mu kikundi yako tu, mutoto wa jirani alinionyesha pale. Akiona waridi, anajua niko."

"Mbona hukuniambia?" Clémence alifoka, machozi yako karibu.

"Weye ndiye présidente. Nilisema, sheria ni sheria."

"Fungua hiyo simu. Salimia."

"Na ua je? Bado imefun..."

"Salimia, papa, nimesema!"

Waridi jekundu likaondoka. Wakasimama wanaitazama simu kama sufuria isiyotaka kuchemka. Fabrice akawa wa kwanza: "Haleluya, amefufuka!" Clémence hata nguvu ya kumtukana hakuwa nayo. Halafu, chini kabisa: "Asante ndugu, nimeona."

Papa Augustin akajifuta uso kwa mkono wa shati. Clémence akakaa palepale kwenye udongo, na gauni la mteja likasubiri.

Siku hizi kikundi kizima kinasalimia, ole wake asiyesalimia, na simu ya Clémence inajaa kabla hajanywa chai. Anafyonza, anafuta, anasema ataacha hiyo kazi. Waridi la Papa Augustin haligusi. Na asubuhi likichelewa, mashini haianzi.